Niliyemfundisha Kuandika Dokezo Ndiye Mkuu Wangu: Nirudi Darasani?

Mpendwa Mshauri,

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto wawili, na huu ni mwaka wangu wa 12 nikiwa afisa mipango katika halmashauri. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Leo naituma kabla sijaghairi.

Miaka sita iliyopita aliletwa kwetu kijana aliyetoka chuoni moja kwa moja, nikaambiwa nimwelekeze. Mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kuandika dokezo, jinsi ya kufungua faili masijala, kwa nini namba za folio, yaani za kurasa za faili, hazirukwi, na nani afuatwe kwa saini asubuhi na nani asisumbuliwe mpaka jioni. Ni kijana mwenye adabu na mwepesi wa kuelewa. Baadaye akaenda kusoma shahada ya uzamili ya utawala wa umma, akarudi. Mwaka jana mkuu wetu wa kitengo alipostaafu, mimi nilikaimu nafasi hiyo kwa miezi saba, kisha akapewa yeye. Barua ya kunishukuru ilikuwa na mistari minne. Nilipouliza, nikajibiwa: "Mama, kazi unaijua, lakini karatasi huna."

Yeye mwenyewe bado ananiita dada, na akikwama huja mezani kwangu. Simchukii. Ila kila nikigonga mlango wa ile ofisi, moyo unanishuka.

Basi nikaomba chuo, na nimekubaliwa kusoma Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma na Usimamizi wa Maendeleo. Hapo ndipo nilipokwama. Mwajiri yuko tayari kunipa ruhusa ya masomo ya miezi 18 huku mshahara ukiendelea, lakini chuo kiko mji mwingine, na lazima nisaini mkataba kwamba nikirudi nitamtumikia kwa muda mara mbili ya ule niliosoma, la sivyo nirudishe gharama zote. Naweza pia kusoma kozi hiyo hiyo jioni na mwisho wa wiki kwa kujilipia. Nawajua wenzangu wanne waliopita njia hiyo. Wote walimaliza vipindi, na hakuna aliyemaliza tasnifu. Mmoja wao ukimtajia tu neno hilo anabadilisha mazungumzo. Halafu, kama vile haitoshi, shirika moja lisilo la kiserikali linanitaka nikasimamie mradi wao wa maji kwa mkataba wa miaka miwili. Mshahara unazidi wangu, na wanasema uzoefu wangu unatosha. Wanasubiri jibu mwisho wa mwezi ujao.

Mume wangu ananiambia niende nikasome, na mama mkwe ameahidi kukaa na watoto. Binti yetu mkubwa ana mtihani wa taifa mwakani.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba nilipofungua orodha ya masomo niliona nadharia za utawala, uchambuzi wa sera, fedha za umma, usimamizi wa miradi, ufuatiliaji na tathmini, mbinu za utafiti. Mshauri, bangokitita, lile jedwali la mpango wa mradi, nimejaza mpaka naliota. Bajeti naandaa kila mwaka. Nitakwenda kufundishwa nini, na mtu ambaye pengine hajawahi kukaa na kamati ya kijiji hata siku moja? Tena kuna takwimu. Hesabu ziliniacha tangu sekondari.

Nikupe mfano wa mambo ambayo najua hayafundishwi. Mwaka juzi kamati ya maji ya kijiji kimoja ilituandikia barua. Mipira ya ndani ya pampu yao ya mkono ilikuwa imekwisha. Fedha walikuwa nazo, walizochangishana wenyewe, ziko benki. Walichoomba ni kibali cha kuzitoa, kwa sababu akaunti ilihitaji na saini ya halmashauri. Barua ikapokelewa, ikagongwa mhuri, ikaanza safari. Baadaye nililifungua lile faili nikahesabu: meza saba, miezi mitano. "Tafadhali shughulikia." "Nishauri." "Kwa hatua zako." "Tuzungumze." Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeomba chochote, hilo nina hakika nalo. Kila mmoja alifuata utaratibu, nami nikiwemo. Dokezo la nne ni langu, lina tarehe na saini yangu. Nilipofika kule kijijini, mwenyekiti wa kamati, mama mtu mzima, alinionyesha daftari lao la michango, kila jina na alama ya dole gumba pembeni. Kisha akanionyesha njia ya mtoni, imekuwa nyeupe kwa kukanyagwa upya. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu, barua yetu ilipotea?" Nilikosa la kumjibu, kwa sababu haikupotea.

Sasa karatasi hiyo ya uzamili ingenisaidia nini pale? Au naitaka tu ili na mimi nigongewe mlango? Nisaidie kufikiri.

Wako,
Afisa wa Meza ya Nne

---

Mdogo wangu wa Meza ya Nne,

Asante kwa kuituma kabla hujaichana mara ya nne. Nimeisoma usiku, nikaisoma tena asubuhi, na yule mama na daftari lake hawajanitoka.

Nikikuelewa vizuri, umefunga maswali mawili katika furushi moja. Moja ni la njia: ruhusa ya masomo, masomo ya jioni, au shirika. Jingine umeliweka mwishoni kabisa, kwa sauti ya chini: kama hamu yako ya kusoma ni hamu kweli, au ni uchungu wa kupitwa. Nitaanza na hili la mwisho, maana ukichagua njia kabla hujalitazama, utalibeba popote uendako, hata huko shirikani.

Kutaka kugongewa mlango si aibu. Umefanya kazi miaka 12, umebeba kitengo miezi saba, ukashukuriwa kwa mistari minne. Nani asingeumia? Ninachohofia ni kuipa shahada kazi ya kuponya jeraha hilo. Mimi nilirudi darasani nikiwa na miaka 43, na kilichonipeleka kilikuwa hasira inayofanana na yako. Hasira ilinijazia fomu, ikanilipia ada, ikanisomesha muhula wa kwanza kwa nguvu za ajabu. Nilipofika kwenye sura ya pili ya tasnifu, usiku wa manane, watu wamelala, nimeandika sentensi moja na kuifuta mara tano, nikaitafuta ile hasira na sikuiona. Ikabidi nitafute kitu kingine cha kunikalisha kwenye kiti. Nadhani wewe kitu hicho unacho tayari, nami nitakirudia.

Kwanza hebu tuliangalie hilo neno "karatasi huna". Umelipokea kama maelezo kamili, na huenda ni kweli. Lakini je, umeusoma muundo wa utumishi wa kada yako kwa macho yako mwenyewe? Kuna nafasi zinazodai shahada ya uzamili katika fani maalumu, kuna zinazokubali fani yoyote inayohusiana, na kuna ambazo sharti lenyewe halimo kabisa bali ni mazoea ya ofisi. Jambo jingine: hata ukirudi na shahada, cheo hakipandi bila nafasi iliyo wazi na iliyotengewa fedha kwenye bajeti. Mkuu wako mpya ni kijana. Katika kitengo hicho, kiti ulichokikaimu huenda kisiachwe wazi kwa miaka mingi. Sisemi haya kukukatisha tamaa. Nataka tu ujue unakwenda kununua nini. Omba huo muundo kwa ofisa utumishi, usome mwenyewe mstari kwa mstari, kama unavyosoma bajeti.

Na kijana mwenyewe? Umeniambia anakuita dada na anakuja kuomba msaada. Hujaniambia kama umewahi kumuuliza ilikuwaje kule. Aliandika tasnifu juu ya nini? Nani alimsimamia? Angerudia, angebadili nini? Ndiye mtu wa karibu kuliko wote aliyepita njia unayoitazama, na pengine ndiye atakayeipitisha ruhusa yako. Najua kumuuliza kutakuuma kidogo. Inawezekana naye anangoja umuulize.

Sasa nije kwenye lile faili, na hapa nitakupinga kwa upole. Unasema ni mfano wa yasiyofundishwa. Mimi naona ni kiini cha somo lenyewe. Mjerumani Max Weber, ambaye maandishi yake juu ya urasimu yalichapishwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya kifo chake, aliielezea ofisi inayofanana sana na yako: ngazi za madaraka, kanuni zilizoandikwa, watu walioajiriwa kwa sifa zao na si kwa ukoo, na kila jambo kuwekwa kwenye faili. Aliona ubora wake, kwamba mwananchi hahudumiwi kwa kujuana. Aliogopa pia kwamba utaratibu huo huo unaweza kumfunga binadamu mpaka asione tena anaufuata kwa ajili ya nani. Meza zenu saba ziko katikati ya hayo mawili. Ile saini ya halmashauri kwenye akaunti iliwekwa kulinda michango ya wanakijiji isiliwe. Ndiyo hiyo hiyo iliyowarudisha mtoni.

Mmarekani Michael Lipsky naye, mwaka 1980, aliandika juu ya watumishi wa ngazi ya chini wanaokutana na wananchi uso kwa uso: walimu, polisi, maofisa wa ustawi. Hoja yake ni kwamba sera anayoipata mwananchi ni ile inayotoka mikononi mwao, kutokana na wanavyogawa muda wao mchache na maamuzi yao madogo madogo. Sera yenu ya maji pengine inasema jamii ndiyo yenye chanzo chake. Sera aliyoipata yule mama ilisema "Tuzungumze".

Hata bangokitita unaloliota lina historia yake. Lilibuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la serikali ya Marekani, na limebeba dai zito: ukifanya hili litatokea lile, mradi mambo ya nje yakae sawa. Hayo mambo ya nje yana safu yake, ile ya mwisho kulia, ambayo sote tumewahi kuijaza haraka haraka jua likizama. Nani kati yetu aliwahi kuandika pale kwamba kibali cha kutoa fedha kinaweza kuchukua miezi mitano? Kulijaza unajua. Darasani, kama ni darasa zuri, utaulizwa kama unaliamini.

Nasema kama ni zuri, kwa sababu si yote yako hivyo. Wapo wahadhiri wanaosoma slaidi mwanzo hadi mwisho, na hofu yako ya kufundishwa na mtu asiyekijua kijiji ina msingi. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha nafasi, uliza chuo mambo ambayo hayaandikwi kwenye kipeperushi. Tasnifu za miaka miwili iliyopita zilihusu nini? Msimamizi mmoja anabeba wanafunzi wangapi? Kati ya walioanza pamoja, wangapi wamemaliza? Tafuta wawili waliohitimu uzungumze nao kwa simu. Dakika ishirini zitakupa mengi kuliko orodha ya masomo.

Kuhusu njia zenyewe, ruhusa ya masomo yenye mshahara ni neema, na watu wengi huililia. Lakini ule mkataba ni deni, na deni husomwa. Miezi 18 mara mbili ni miaka mitatu. Je, inaanza kuhesabiwa siku unaporipoti kazini au siku unapotunukiwa shahada? Tasnifu ikichelewa, mshahara utaendelea? "Gharama zote" ni ada peke yake, au na mishahara uliyolipwa ukiwa masomoni? Unarudi kwenye nafasi yako au popote watakapokupangia? Yapate majibu kwa maandishi. Wewe ndiye uliyemfundisha mwenzako kwamba folio hazirukwi.

Masomo ya jioni yanaonekana kama yasiyovuruga chochote, na hapo ndipo huwaponyoka wengi. Vipindi vina ratiba, vina wenzako, vina mtihani wenye tarehe. Tasnifu haina kengele. Ukishamaliza vipindi unabaki peke yako na kazi inayoweza kusubiri kesho, wakati kila kitu kingine ofisini na nyumbani hakisubiri. Wale wenzako wanne sidhani kama walikosa akili. Nadhani walifika mwisho wa vipindi bila swali lao wenyewe, wakaokota mada. Mada ya kuokota haimwamshi mtu saa kumi alfajiri. Ukiipita njia hii, mada yako iwe mkononi tangu muhula wa kwanza, na kila zoezi la darasani lifanye kazi kwa ajili yake.

Shirika sitalibeza. Mtu aliyekutazama akasema uzoefu wako unatosha amekupa kitu ulichonyimwa mwaka jana, na hapo pia ndipo pa kuwa mwangalifu, kwa sababu mtu akiwa na kiu hapimi maji. Uliza fedha za mradi zinatoka wapi na zinaisha lini, miaka miwili ikipita kuna nini, na michango yako ya pensheni itakuwaje. Uliza pia mwajiri wako kama upo uwezekano wa likizo bila malipo, ili usiufunge mlango moja kwa moja. Na jiulize kama huko utakuwa karibu na meza saba au mbali nazo. Mradi unaweza kununua mipira ya pampu kwa siku moja. Saini ya akaunti itabaki pale pale halmashauri.

Kuna pia uwezekano ambao hukuutaja: kukiomba chuo kuahirisha udahili wako kwa mwaka mmoja, mpaka binti amalize mtihani. Kuna wanaosubiri wakapoa wasiende tena, hilo ni kweli. Wewe unajijua uko upande gani. Na binti mwenyewe umemuuliza? Umenipa maoni ya mumeo na ya mama mkwe. Msichana wa umri huo ana lake la kusema juu ya mama yake kwenda kusoma, na huenda si lile mnalolidhania.

Hesabu sikuzisahau. Elinor Ostrom, raia wa Marekani, hakuruhusiwa kuchukua trigonometria shuleni, na alipotaka kusoma uzamivu wa uchumi alikataliwa kwa kukosa msingi wa hesabu. Akasoma sayansi ya siasa, akapata uzamivu wake mwaka 1965, akianzia na utafiti wa maji ya chini ya ardhi yaliyotumiwa na wengi. Kwa miaka mingi aliuliza ni lini watu wanaoshirikiana maji, msitu au eneo la uvuvi wanaweza kujitungia kanuni na kuzisimamia wenyewe. Moja ya mambo aliyoyakuta katika jamii zilizodumu ni kwamba mamlaka za juu zilitambua haki ya watumiaji kujipangia mambo yao. Mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ningependa sana angeliona lile daftari la dole gumba.

Takwimu utakazokutana nazo mwanzoni hazitakuwa ngeni kama unavyohofu. Lichukue lile faili, kama taratibu zenu zinaruhusu, uandike kwenye karatasi moja tarehe barua ilipoingia kila meza na tarehe ilipotoka. Siku ngapi hapa, siku ngapi pale. Meza ipi ilikaa nayo muda mrefu kuliko zote, na kwa nini. Kisha chukua barua tano za kamati nyingine, ufanye hivyo hivyo. Usimtafute mkosaji, na usiiruke meza ya nne. Ukimaliza, tazama kama una swali ambalo ungeweza kuishi nalo miezi 18, au miaka mitatu ya jioni, au hata miaka miwili ukiwa nje ya halmashauri. Inawezekana ukagundua umechoka na mafaili na unataka kuondoka. Hilo nalo litakuwa jibu la haki, na hutadaiwa maelezo na mtu.

Nimeona kitu katika barua yako. Habari ya cheo umeieleza kwa sentensi fupi fupi, kama mtu anayesoma taarifa ofisini. Ulipofika kwenye faili, mwandiko wako ukabadilika. Herufi zimekuwa kubwa, na mahali pamoja kalamu imetoboa karatasi. Ni pale ulipoandika "haikupotea".

Una muda mpaka mwisho wa mwezi ujao, na maswali mengi hapa juu yanaweza kujibiwa kwa wiki mbili za kupiga simu na kusoma mikataba. Niandikie tena ukishayapata, nitakuwa nasubiri kwa hamu. Na kabla hujanieleza chochote kuhusu chuo au shirika, anza na ile pampu. Barua yako haikusema kama ilitengenezwa.

Dada yako,
Mshauri